Mashimo Yale Hayakuwa Makaburi

Sogezeni viti, wanangu. Alphonce, zima hiyo redio, bei ya kahawa utaisikia hata kesho na mimi huenda kesho nisiwepo. Beata, fungua dirisha nione mlima. Zaidi. Basi, hapo hapo. Gari la parokia liliondoka saa ngapi kwenda Lipingo kumchukua Emerensiana? Alfajiri? Basi nisikilizeni wakati tunalisubiri, na asiniambie mtu kwamba liko karibu kama hajalisikia.

Shamba hili la Mapera na mibuni yake ni lenu nyote wawili, sawa kwa sawa, maana bibi yenu Kunigunda, mama yangu, ndiye aliyelichimba, mimi nililila tu. Asiuze mtu kipande kwa hawa wanunuzi wapya wanaopanda huku na mizani zao tangu ushirika ulegee. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini si kila mgeni. Nguo zangu wapeni wajomba. Hayo ni mepesi. Zito ni hili kabrasha lililo chini ya mto wangu, lenye mkataba wa kuchapa upya kitabu changu, ambao wewe Alphonce umenisihi mara tatu niusaini, ukadhani ni homa inayonizuia.

Kitabu hicho mnakijua jalada. Ndani hamjawahi kuingia, na siwalaumu, Kiingereza chake kinanichosha hata mimi. Sura moja tu ndiyo iliyonipa uprofesa. Padri mmoja Mjerumani aliandika zamani kwamba alipanda milima ya Wamatengo akakuta miteremko imejaa mashimo, shimo kwa shimo mpaka juu, asijue ni ya nini. Nami nikaandika kwamba yale yalikuwa makaburi yaliyoachwa wazi, watu wetu wakiwangojea waliokufa katika Maji Maji, na mkoloni akayatazama asiuone msiba. Nikaisoma sura hiyo Ulaya, wazungu wakasimama kupiga makofi, mama mmoja akalia. Wanangu, yalikuwa mashimo ya ngoro. Tazameni dirishani. Nimekulia pembeni mwa mashimo hayo: baba akikata majani na kuyapanga miraba, mama akichimba katikati na kuyafunika udongo, akipanda maharage juu ya matuta, na mvua ikija maji yanatuama shimoni badala ya kuondoka na shamba. Sikukosea. Nilijua, ila ngoro isingenipa tiketi ya ndege.

Nigeuzeni. Si huko, upande wa dirisha.

Halafu akaja darasani kwangu binti wa hapa hapa Mapera, Emerensiana, ambaye kila aliponiamkia shikamoo alipiga magoti kama nyumbani, hata mbele ya wenzake waliomcheka. Siku niliyofundisha sura ile akasimama akasema, "Samahani, Profesa, hayo si makaburi. Hayo ni ngoro, hata mama yangu analima." Darasa likaangua kicheko, nami nikaogopa, ndiyo, niliogopa, nikamjibu kwamba hapa tunasoma fasihi, maharage akalime kwao. Kwenye mtihani akaandika yale yale, kurasa nne, nikamfelisha, akaondolewa chuoni. Mimi niliyekula mshahara miaka ishirini na miwili kwa kufundisha kwamba aliyetawaliwa aachwe ajisemee, alipoinuka mmoja kujisemea nilimkalisha. Leo anafundisha shule ya msingi huko Lipingo, ziwani, na karatasi zake nne zimo katika kabrasha hili ninalolilalia. Mficha uchi hazai, nami nimeficha mpaka nimezeeka. Naona aibu kuliko ninavyoogopa kufa.

Sasa shikeni. Mkataba asiusaini mtu mpaka karatasi hizo zichapwe mahali pa sura yangu, kwa jina lake, kama ataridhia. Wachapaji wakikataa, kitabu na kife. Usiniangalie hivyo, Alphonce. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye kitanda hiki. Tena, siku ya maziko watakuja wakubwa wa chuo na magari yao, na wasifu wangu utasomwa. Someni alizaliwa, alisoma, alifundisha, na mkifika kwenye kitabu someni, "Alijua kwamba ni ngoro." Wakiguna waacheni wagune. Utasoma wewe, Beata, na sauti isitetemeke. Kaburi langu lifukieni vizuri, asije padri mwingine akadhani ni ngoro.

Lile ni gari? Pikipiki. Haya.

Leteni vichwa vyenu niviwekee mkono. Mungu awape mikono ya bibi yenu... na ulimi wa binti yule, ambao mimi sikuwa nao. Mpendane. Msigombanie mibuni. Maji... hapana, acha maji. Nyamazeni kidogo.

Ndilo. Ndilo hilo, linapanda. Beata, mwanangu, kampokee mlangoni... mwambie aingie tu. Mwambie leo... asipige magoti.