Miaka Thelathini na Moja ya Kuuliza: Inamgusa Nani?

Mwalimu wetu wa uandishi wa habari anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika chuo hiki. Aliingia akiwa binti mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Anatoka akiwa bibi wa wajukuu wanne, sauti ileile, mkoba uleule, umeshonwa tu mikanda.

Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na walimu wenzake. Wa kwanza akasema ana mafua. Wa pili ana mitihani ya kusahihisha. Wa tatu alikubali, kisha akapotea. Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa mashine ya kuchapa, ambaye darasani sikuvuka la nne. Sawa tu. Nilikuwa hapa kabla yake, kabla ya mkuu wa chuo, kabla hata geti halijajengwa, na hakuna anayemjua mwalimu huyu kunishinda.

Alipofika hakupewa darasa. Alipewa stoo ya karatasi, iliyopakana na mashine yangu. Nikamwambia mapema, mama, hapa kelele hazizimwi kwa ajili ya mtu. Akajibu kwamba vizuri, atakayetaka kusikika atatafuta la maana la kusema. Hapo akaanzisha mtindo wake ambao sijauona kwingine. Mwanafunzi akileta habari hasahihishiwi kwanza. Anatumwa mlango wa pili anisimulie mimi, mashine ikiwa inazunguka. Nikiizima ili nisikie vizuri, basi habari ipo. Nisipoizima, arudi akatafute nyingine.

Wengi walirudi. Kuna kijana alikuja na semina iliyofunguliwa na mgeni rasmi, akanitajia wote waliokaa meza kuu, mmoja mmoja na cheo chake. Mimi huyo nikaendelea kuongeza wino. Akaja binti mmoja mpole, akasema zahanati ya hapo nje inafungwa mapema siku za kliniki, kina mama wanarudishwa na watoto mgongoni. Nikazima. Mwalimu akasimama mlangoni, akawauliza wanafunzi wengine: "Haya, kwa nini fundi amezima?" Wakajibu wenyewe. Inagusa watu. Iko hapa karibu. Inatokea sasa hivi. Na kuna mtu anayetakiwa kuulizwa. Leo wale ni wahariri wenye vitambi, na nikikutana nao wananitajia yaleyale.

Siku moja nilizima kwa ajili ya ugomvi wa mpishi wa chuo na wake zake wawili. Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya maboksi. "Huo ni umbea, shemeji! Washa mashine." Ananiita shemeji kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa rafiki yangu. Hata hivyo, ulikuwa ugomvi mzuri.

Sasa niseme na haya, maana sikuitwa kuandika risala ya harusi.

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alianguka kwenye ngazi za bweni la wasichana akiwa na ndoo ya maji. Alishika chuma cha pembeni, kikachomoka naye. Akavunjika paja. Darasa la mwalimu liliandika habari hiyo kama alivyowafunza. Walimsikiliza mgonjwa kitandani kwake, wakamsikiliza matroni aliyekuwa ameomba chuma kile kikazwe tangu mwaka jana, wakamwendea na mkuu wa chuo naye aseme lake. Waliponisimulia, mashine niliizima hawajafika hata katikati.

Mkuu akasema hiyo si habari, ni kuchafua jina la chuo. Akaagiza ukurasa wa kwanza wa gazeti la chuo uwekwe picha yake akipokea ngao ya usafi. Mwalimu akamuuliza mbele ya watu, kwa adabu zote, ngao hiyo inamgusa nani. Na wakati huo alikuwa ameshaahidiwa mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu. Aliutaka sana. Darasa hili alilipokea likiwa halijui hata kushika kalamu, naye alitaka alione likihitimu. Akaambiwa atie saini ukurasa wa ngao, mkataba upo. Hakutia. Mimi nikasema mashine ni mbovu, wakaenda kuchapisha mjini. Habari ya ngazi ikaondolewa, ngao ikaingia, mkataba ukayeyuka.

Siku ile chumba cha walimu kilikuwa kimya, kila mtu anakoroga chai isiyo na sukari. Walewale leo nasikia wanagombania kipaza sauti wamsifu. Msifuni. Ana masikio, na sauti zenu anazijua, ingawa siku ile hakuzisikia.

Angeweza kuwafundisha watoto wa watu kwamba habari ni kile anachokitaka mkubwa. Ni somo rahisi, halihitaji hata ubao, na lingemwachia kiti chake. Alikataa, na darasa zima likamwona akikataa. Atakayekuja kukaa kwenye kiti hicho ajue wanafunzi hao tayari wameshafundishwa.

Nimeambiwa suala la ngazi lisiguswe humu. Lakini kijitabu hiki cha sherehe nakichapa mimi, na anayeijua mashine hii ni mimi peke yangu, kwa hiyo tusichoshane.

Mwalimu, shemeji yangu, ahsante. Kazi umeifanya, tena kwa kichwa kilichoinuliwa. Tunakuombea afya, wajukuu wasiokuchosha sana, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.

Na nyinyi wageni wetu: chakula kimeandaliwa ukumbi wa juu, bweni la wasichana, na ngazi za kupandia ni hizohizo. Wakati wa kushuka piteni upande wa ukutani, mmoja mmoja, na wazee wakamatwe mkono. Pale palipochomoka chuma pamefungwa kamba tu.