Chumba Kabla ya Watoto Kuingia

Wasikilizaji wapendwa, leo mmepita pale, na mmegeuzia shingo pembeni. Msinibishie. Njia ni moja. Ukitoka sokoni unapita pale, ukienda hospitali unapita pale. Mkono wa kulia kuna uzio wa mabati yaliyopakwa rangi mpya ya bluu. Nyuma ya mabati kuna shimo. Kwenye ukingo wa shimo kuna jengo la chekechea. Mkifika hapo simu zinatoka mifukoni, na kila mtu ghafla ana ujumbe wa kusoma. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikawatazama. Ninyi hamkutazama.

Basi leo tutatazama pamoja, japo kwa masikio, maana mimi nina sauti tu.

Tunamkumbuka mpiga picha. Studio yake ilikuwa ubavuni mwa kinyozi, mlango wa kijani, pazia zito la kahawia lililofifia upande mmoja kwa jua. Wengi wenu hamjui jina alilopewa na wazazi wake. Mnamjua kwa lile alilobandikwa na kinyozi: Mama Hewa.

Kwa nini Mama Hewa? Kwa sababu ya desturi yake moja, na naomba muishike vizuri, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Kabla ya kupiga picha yoyote yenye mtu, alipiga kwanza picha ya mahali penyewe pakiwa patupu. Kiti bila mkaaji. Ngazi bila maharusi. Mteja amevaa suti, jasho linamtiririka, anaambiwa, "Nisubiri hapo nje, nianze na chumba." Kinyozi alimwuliza siku moja, "Mama, hiyo hewa unampigia nani?" Akajibu, "Najipigia mwenyewe. Wewe si hukusanya nywele za watu? Niache."

Binti yake ndiye aliyekuwa akimsaidia kuchapa na kukata picha. Anakumbuka: "Nilipokuwa mdogo nilimwuliza, mama, mbona humu hamna mtu? Akaniambia, mtu akiingia kwenye picha, jicho linamkimbilia yeye. Utaona amecheka, utaona kola imekunjika. Chumba hutakiona tena."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akimsimanga mpaka akachoka. Nilipomtembelea alinisimulia hivi: "Nyumba za watu zina albamu za ndugu. Kwa wifi yangu unafunua albamu unakutana na viti. Nikamwambia, wifi, ukoo mzima huu, hakuna hata mmoja anayestahili kukaa humo? Akafunua ukurasa mwingine, akanionyesha kiti cha kaka yangu, kile cha kamba. Alikipiga wiki ile tuliyomzika. Kamba zimebonyea katikati. Mwanangu, nilimwona kaka yangu pale kuliko kwenye picha zote alizovaa tai." Kisha akarekebisha mtandio wake, akaongeza, "Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Au nilimcheka kidogo tu."

Huyo ndiye Mama Hewa, wasikilizaji wapendwa. Alipiga utupu, na utupu ukamzoea.

Sasa tufike chekechea. Kila mwaka yeye ndiye aliyepiga picha ya darasa. Chumba kilekile cha nyuma, viti vidogo vya rangi, dirisha pana linalotazama kiwanja cha jirani. Alisimika stendi ya kamera palepale, kwenye kigae chenye ufa wa nyota. Stendi ile ilikuwa na pima maji, kile kipovu kidogo ambacho kikikaa katikati unajua kamera imekaa sawa. Anapiga chumba kitupu. Anaita watoto. Anapiga watoto. Nyumbani anachapa, na binti anakata kingo. Picha ya watoto inakatwa ikae sawa na mstari wa dirisha, maana mzazi hatoi pesa yake kwa picha iliyoinama. Picha ya chumba kitupu haikatwi. Nani ataidai?

Miaka ikaenda hivyo. Kisha mwenye jengo, ambaye kiwanja cha jirani pia ni chake, akaleta mtambo wa kuchimba. Mnakumbuka. Mimi nakumbuka, na sitaki kusahau. Tulichungulia wote kwenye matundu ya mabati. Bango likasema ghorofa refu, maduka chini, ofisi juu. Wakachimba, wakachimba, wakafika kina ambacho mtu akisimama chini unamwona kama kidole. Halafu kazi ikasimama. Mtambo ukaondoka. Bango likapauka. Mvua ikaingia shimoni, ikakaa humo, ikawa ya kijani. Nasi tukaacha kuchungulia.

Mwaka uliofuata, picha ya darasa ikatoka imeinama. Kidogo tu. Mama Hewa akalaumu stendi. Binti akakata ukingo, picha ikakaa sawa, wazazi wakaichukua wakaitundika. Mwaka mwingine ikainama zaidi. Akalaumu pima maji, akanunua stendi mpya. Binti akakata tena. Fundi mzuri hamkabidhi mteja kazi iliyopinda, na hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Walikuwa mafundi wazuri mno. Picha zenye watoto, zile mlizotundika sebuleni, zote zimenyooka, na zote zinasema uongo.

Siku moja binti alikuwa mezani. Vile vipande vya kingo walikuwa hawavitupi, walivitumia kuandikia majina ya kubandika kwenye bahasha za wateja. Akacheka. "Mama, vipande vya siku hizi vina makalio. Juu vyembamba, chini vinene. Zamani vilikuwa wembamba mtupu."

Mama yake hakucheka. Alikuja akashika kipande kimoja, akakilaza kwenye kiganja. Kilikuwa na umbo la kabari. Akaenda kabatini, akatoa picha za chumba kitupu, zile ambazo hazikukatwa. Akazipanga sakafuni kutoka mlangoni hadi jikoni, mwaka baada ya mwaka. Binti anasema, "Tulitembea juu yake taratibu, bila viatu. Viti vilevile. Dirisha lilelile. Lakini kila hatua, chumba kinalala. Kinalala kuelekea shimoni. Mama akasema neno moja tu. Akasema, kumbe kamera ilikuwa nzima."

Nasema tena, msikilizaji uliyechelewa kufungua redio. Kamera ilikuwa nzima. Stendi ilikuwa nzima. Chumba wanachokaa watoto wetu kilikuwa kinaenda shimoni.

Alibeba picha mbili, ya kwanza na ya mwisho, akaenda kwenye mkutano wa wazazi. Mwenye jengo alikuwepo, amekaa mbele na chupa yake ya maji. Mama Hewa akazipitisha mkono kwa mkono. Wazazi wakazitazama, wakatazamana. Mwenye jengo akazishika kwa vidole viwili.

"Mama," akasema, "ukipiga harusi na bwana harusi akatoka ameinama, utatuambia ndoa inaanguka?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Simpigi bwana harusi hapa," akasema Mama Hewa. "Nimepiga ukuta."

"Ndiyo hivyo sasa. Umepiga ukuta. Humu hakuna hata mtu. Picha isiyo na mtu inamhusu nani?"

Wakacheka tena. Walicheka kwa sababu chekechea nyingine ni mbali na ada yake ni kubwa. Walicheka kwa sababu kesho yake walikuwa na kazi. Mama Hewa akakusanya picha zake, akazifuta alama za vidole kwa kanga, akatoka. Mlangoni akamwambia binti yake, "Wameniuliza inamhusu nani. Jibu ninalo, sikutaka kulisema mbele ya watu."

Ikafika siku ya picha ya darasa. Binti alimsihi asiende. Akamwambia, "Nisipoenda mimi watamwita mwingine, na huyo mwingine ataanza na watoto."

Mwalimu wa darasa lile ananisimulia kwa sauti ndogo, na naomba mtulie mumsikie. "Watoto walikuwa wameshajipanga mlangoni. Wamechanwa nywele, wamepakwa mafuta, wananong'ona. Mama Hewa akaingia peke yake kama kawaida yake. Akakaa sana. Nikamwambia, Mama, jua linawachoma. Akasema, waondoe hapo mwalimu, chumba hakijatulia. Nikasema, niwapeleke wapi? Akasema, kule getini, chini ya kivuli, mbali. Nikaona ananisumbua, lakini nikawapeleka. Tukaanza kuimba ili wasichoke."

Mwalimu akavuta pumzi. "Kwanza sikusikia kishindo. Nilisikia vigae vikikatika, kimoja, halafu kingine, kama mtu anavunja kuni kavu. Nikasikia kamera ikilia, ile sauti yake ya kupiga. Halafu ukuta wa nyuma haukuwepo. Niliona mbingu kupitia mlango wa darasa langu."

Ukuta wa nyuma uliingia shimoni na nusu ya sakafu. Mama Hewa aliingia nao. Alikuwa peke yake. Watoto wote walikuwa getini, wanaimba.

Tuliyoicheka kama hewa ndiyo iliyowabakiza watoto nje. Lakini hadithi haijaisha.

Kamera ilipatikana kwenye tope la ukingoni. Binti aliichapa picha ya mwisho, na safari hii hakushika kisu. Nimeiona. Viti vidogo vimepangwa safu kwa safu, vinasubiri. Dirisha limelala. Na chini ya ukuta, pale ambapo ukuta hukutana na sakafu, kuna mstari wa mwanga. Mwanga wa nje, umeingia kwa chini. Mahali pale hapakupaswa kuwa na mwanga.

Haya, wamefanya nini? Wameziba pengo kwa mabati mengine. Wameyapaka rangi ya bluu. Wamesema ni ajali, wamesema tuwaombee. Watoto wamehamishiwa chumba cha mbele. Cha mbele, wasikilizaji wapendwa, cha jengo lilelile, juu ya udongo uleule, kando ya shimo lilelile, na maji ya kijani bado yamo. Masomo yanaanza kesho asubuhi. Jana binti wa marehemu alikwenda pale na stendi ya mama yake. Alipiga chumba cha mbele kikiwa kitupu, kipovu cha pima maji kikiwa katikati kabisa. Akanitumia picha. Nimeiweka hapa mezani mbele yangu, karibu na kipaza sauti.

Imeinama.

Kwa binti yake, tunakupa pole. Hukumpoteza mama wa picha tu, umempoteza mtu uliyekuwa naye meza moja kila siku. Kwa wifi yake, pole sana, shangazi. Kwa kinyozi ambaye tangu siku ile hafungui pazia la upande wa studio, pole. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Na ninyi mnaonisikiliza huku mnanyoosha sare kwa ajili ya kesho, zimeni pasi. Nendeni ukutani mkaitazame picha ya darasa mliyoitundika. Msiwatazame watoto. Tazameni nyuma yao, lile dirisha lililonyooshwa kwa kisu. Kisha kesho asubuhi njooni getini, mmewashika watoto mikono, msiingie. Simameni pale barabarani wote, mpaka shimo lile lizibwe na jengo lile lifungwe. Mwenye jengo akija na utani wake, msicheke. Akiuliza picha isiyo na mtu inamhusu nani, mnyanyueni mtoto juu, liwe jibu lake.

Chumba kile, kesho, kiacheni kitupu.