Jiwe Lililotiwa Majini Ggaba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo tunamkumbuka Mwalimu Santa Akidi, mwalimu wa jiografia, aliyetutoka wiki iliyopita na kuzikwa kwao Kitgum. Wengi wenu mmepita mikononi mwake. Mnakijua kisanduku chake cha mawe, na mnajua mtu alivyokiona cha moto akigusa jiwe kwa mikono yenye jasho. Lakini leo naacha habari za darasani. Nataka niwape habari za mchana mmoja kule Ggaba, kando ya ziwa, mwaka 1973, na za mtu ambaye nusura auawe.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi mnaikumbuka, askari walikuwa wakiwasaka Waacholi. Mwalimu Akidi alikuwa Mwacholi. Mume wake, Okot, alikuwa sajini wa polisi. Aliitwa kazini asubuhi, akaenda, hakurudi. Tangu hapo Mwalimu aliishi Mbuya na binti yake Anena, roho mkononi. Alisema machache, na salamu alizitoa kwa Kiganda ili watu wasimdadisi.

Siku moja mbingu ililia juu ya ziwa. Si radi, maana jua lilikuwa linawaka. Mabati yakatetemeka. Mwaka uliotangulia waasi walikuwa wamevuka mpaka na silaha, kwa hiyo askari waliposikia mlio huo wakajua wameshambuliwa. Wakamiminika Ggaba, wakamkuta Oloo, Mkenya mchuuzi wa samaki, ana donge jeusi ndani ya gunia. Lilikuwa limeanguka nyuma ya matanuri yake ya kukaushia samaki. Oloo akaliokota. Kosa lake ni hilo tu, aliokota.

Askari wakafanya walivyozoea. Kitu cha mashaka, tia majini. Wakalizamisha donge ndani ya pipa likalala humo. Asubuhi wakalitoa, nalo limeshika kutu. Hapo mambo yakaharibika kabisa. Jiwe gani hilo linaota kutu? Oloo akafungwa kwenye nguzo, akaambiwa ataje waliomtuma.

Sijui nani aliyewaambia kwamba mjini kuna mwalimu wa mawe. Gari la jeshi likaingia shuleni. Anena ananiambia: "Mama alipoliona, alivua saa yake akaiacha mezani. Alitaka ibaki kwangu." Wakamfungulia mlango wa mbele. Alipokaa kwenye kiti ndipo akapumua, kwa sababu wenzake wengi walitiwa kwenye buti la gari, hawakuonekana tena.

Kapteni aliyemngoja Ggaba aliitwa Abudu. Hakupoteza muda.

"Mwalimu, hii kitu ni bomu. Wewe sema tu ni bomu, sisi tumalize na huyu Mkenya."

Wasikilizaji, jibu alilotakiwa kutoa lilikuwa neno moja. Angelisema, angerudi kwa mwanawe. Naye Oloo angekwisha.

Mwalimu aliliangalia lile donge. Ganda jeusi, jembamba. Vibonyeo huku na huku, kama alama za kidole gumba kwenye ugali. Moyo ukamwenda mbio, na si kwa hofu peke yake. Tangu alipokuwa mwanafunzi alitamani kushika jiwe la kimondo, jiwe lililotoka angani. Sasa liko mbele yake, limelowa, na nyuma yake amesimama mtu mwenye bunduki.

Akatoa sumaku mkobani, akaining'iniza kwa uzi. Sumaku ikavutwa, ikanasa. Kwake yeye hiyo ilikuwa dalili njema, maana mawe ya angani huwa na chuma. Abudu akageukia askari wake akawaambia waone wenyewe, ni chuma. Ukweli wa Mwalimu ulikuwa unamkaba Oloo shingoni.

Mwalimu akaomba tupa. Akakwangua pembeni pole pole, akamwita Abudu achungulie. Ndani palikuwa kijivu, na chembe za chuma zinametameta humo kama chumvi.

"Afande, chuma ya bomu inashika kutu mwili wote. Hii imeshika madoadoa. Hii ni jiwe, chuma iko ndani yake kidogo kidogo. Mtu hawezi kutengeneza hivi."

Abudu akaagiza nyundo. Kama ni jiwe, alivunje. Kama ni bomu, afe nalo.

Mwalimu aliyekuwa akitufundisha kwamba jiwe la namna hiyo halioshwi wala halipigwi, akaipokea nyundo. Iliuma. Alimwambia Anena baadaye kwamba iliuma kama kumpiga mtoto. Askari wote wakakimbilia nyuma ya ukuta, Abudu akiwa wa kwanza. Wakabaki wawili, Mwalimu na mtu aliyefungwa kwenye nguzo. Akainua nyundo, halafu akaishusha tena. Akamgeukia yule mtu.

"Oloo, funga macho, vumbi lisikuingie."

Akapiga. Jiwe likapasuka vipande. Basi. Abudu akatoka nyuma ya ukuta, akajipangusa, akavichukua vile vikubwa ili kuficha haya yake. Oloo akafunguliwa.

Mzee Oloo yuko hai, anaishi Siaya. Nilimuuliza aliogopa kiasi gani. Akasema, "Mpaka aliponiambia nifunge macho. Mtu anayekwenda kufa, nani anamkinga na vumbi? Hapo nikajua nitarudi kwa mke wangu Nasike."

Kipande kidogo kilibaki. Mwalimu alikitunza kwenye kopo la chai, ndani ya mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Kila msimu wa mvua aliubadilisha. Anena anacho.

Kwako Anena, na kwa jamaa wote wa Kitgum na Mbuya, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Pole pia kwa ajili ya Sajini Okot, ambaye hamkupata hata kaburi la kumlilia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkiokota jiwe zito, jeusi, msilitie majini. Na siku ukiulizwa neno moja linaloweza kumuua mwenzako, mkumbuke mama huyu kabla hujajibu.

Mzee Oloo alisafiri kutoka Siaya kwenda kumzika. Zamu yake ya kutupa udongo ilipofika, watu walimwona akiinama karibu na kaburi, mkono umejaa, hautupi. Anena alikuwa kando yake, akamsikia.

"Mwalimu," alisema, "funga macho. Vumbi lisikuingie."