Baba Hapokei Simu ya Mwanasheria

Kijiwe chetu cha Hombolo kina benchi moja lililovunjika mguu na kuwekewa tofali, na hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri, basi wazee nao wameshika hapohapo na kahawa yao. Mzee Zablon, mkulima wa zabibu, alikuwa akipiga soga kwa raha zake mpaka binti yake Loisi alipopanda cheo mjini. Loisi ni mwanasheria kwenye ofisi inayosimamia kampuni za simu. Tangu hapo kijiwe kikampiga mzee marufuku kuongea na mwanawe kwa simu, naye, kwa kuogopa kumharibia mtoto kazi, akatii kama mjinga.

Asubuhi moja simu ikaita tena. Loisi.

— Usiguse! Henry, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani, alimdaka mkono. Msimamizi wa simu kuongea na baba'ke kwa simu? Huo ni mgongano wa maslahi!

— Ni mwanangu, Profesa.

— Ndiyo mbaya zaidi! Haba na haba hujaza kibaba. Salamu leo, salamu kesho, mwisho kibaba cha rushwa!

Uwesu, muuza kahawa kutoka Kondoa, akainua birika.

— Tena yeye ndiye anatunga kanuni za bando. Bando likikata mkiwa mnaongea, atamshtaki nani? Ajishtaki mwenyewe?

— Ajishtaki na ajitetee! akadakia Hassani, ambaye kwa urefu wake wanamwita Mnara. Halafu wewe mzee una kikohozi. Ukikohoa tu, kampuni zinajua mkubwa ana baba mgonjwa. Kesho zinakuletea dawa mlangoni. Umekwisha!

Zablon aliumia moyo. Alitaka tu kumwambia mtoto kwamba zabibu zimeiva, aje azile kabla ndege hawajazimaliza.

— Vumilia, Profesa akamfariji. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe nyamaza, yeye apande mpaka uwaziri.

Simu ikanyamaza, ikaanza upya. Zipora, mama mgeni kutoka Nkuhungu aliyefuata zabibu za jumla, alikuwa amesimama na kikombe chake akiwasikiliza. Uvumilivu ukamshinda. Akainama, akaipokea, akaiweka kwenye spika wote wasikie.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, nimekukosea nini?

Zablon akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Mnara. Mnara akamtazama Uwesu, na Uwesu akatikisa birika lililokuwa tupu.