Bibi Pacha Anaondoka, R Zake Mbili Zinabaki

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, msoma prufu wetu, anayewinda makosa kabla kiwanda hakijachapa, atafunika kalamu yake nyekundu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Wasifu huu nimepewa kuuandika mimi, fundi wa mashine, niliyeishia darasa la saba, walimu wakashukuru. Waliosoma wameogopa. Wanasema atakayemwandikia mama huyu atarudishiwa karatasi ina madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Mimi surua nilishaugua utotoni, kwa hiyo twende.

Hapa kiwandani tunamwita Bibi Pacha, na wageni wengi wamemuuliza wanawe mapacha wako darasa la ngapi. Hana pacha. Ana watoto wanne, na wote walikuja mmoja mmoja kwa foleni. Pacha wake ni herufi.

Aliajiriwa kukaa mapokezi. Wiki ya kwanza tu, bwana harusi mmoja alileta kadi ya Kiingereza iliyosema wazazi wake wame-planed siku ile kubwa. Bibi Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana harusi alipoanza kununa, akamweleza kwa upole kwamba mumewe ni seremala, na hiyo planed yenye n moja ndiyo kazi ya mumewe. "Wazazi wako hawajaipiga randa harusi, mwanangu. Wameipanga. Tia n ya pili." Mkurugenzi alisikia yote kutoka chumba cha pili. Jumatatu yake mama akapewa meza, kalamu nyekundu, na kamusi nene kama tofali.

Ugonjwa wetu aliujua kabla hatujautaja. Kiswahili hakina mazoea ya kuweka konsonanti mbili zinazofanana bega kwa bega, basi sisi tukishika Kiingereza tunaandika stoped, prefered, occured, roho nyeupe kabisa. Tukionywa, tunapitiliza upande wa pili: openned, visitted. Dawa yake ilikuwa sikio. Sauti ikikazwa mwishoni mwa neno, herufi inazaa pacha: prefer, preferred. Ikikazwa mwanzoni, hakuna uzazi: open, opened. Lakini sisi ulimi wetu unakaza palepale kila siku, hatusikii tofauti, kwa hiyo alitufundisha kwa kupiga meza. Kiwanda kizima kikawa kinagonga! Mimi niligonga kwa spana juu ya chuma, pre-FAA, mpaka nikaandikiwa barua ya onyo. Nilipomuuliza kuhusu paid, kwa nini isiwe payed kama watu wengine wenye heshima zao, alinijibu, "Hiyo haina meza, shemeji. Imeze tu kama kidonge."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana hata leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili. Mkaguzi wa shule mstaafu, mzee wa tai na suruali yenye mkunjo wa kukatia mkate, alituletea kitabu chake cha mazoezi ya Kiingereza kwa watoto. Ndani yake occured ilitokea mara ishirini na sita, kila moja na r yake moja, yatima. Bibi Pacha akaongeza r zote. Mkaguzi akazifuta zote kwa kalamu ya kijani, akaandika pembeni kwamba yeye hafundishwi na kiwanda. Mkurugenzi, ambaye utotoni alichapwa viboko na mkaguzi huyohuyo, akaniamuru niwashe mashine.

Nikawasha. Karatasi mia mbili hazijatoka, Bibi Pacha akapita kati yetu akabonyeza kitufe chekundu. Kitufe changu! Alisema watoto elfu tano watalibeba kosa lile mpaka uzeeni, na yeye hatakuwa mkunga wake. Mkaguzi akafoka, "Nimeanza kusahihisha watoto wewe hujui kushika penseli!" Mama akapiga meza. "Basi sikiliza, baba: o-KAA! Nimekaza wapi?" Mkurugenzi akatafuta pa kuficha uso, hakupata, akatoa amri: mpaka saa sita mchana kamusi ithibitishe, la sivyo mama achukue mkoba wake na asirudi.

Wakati ule mumewe alikuwa amekatwa vidole viwili na msumeno, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa kalamu ile nyekundu. Na kamusi haipo. Ilikuwa imepotea wiki mbili. Simu za kuuliza kila kitu zilikuwa hazijafika, na duka la vitabu la jirani lilikuwa limefungwa kwa ajili ya kuhesabu bidhaa. Alipekua makabati, akapekua magunia ya karatasi taka, mpaka kapu la mhasibu. Saa tano na nusu nilimwona anakunja koti lake, polepole.

Hapo nikapiga kelele kwamba naona kitu chini ya mguu wa nyuma wa mashine. Jeki ikaletwa, wanaume wanne wakasukuma, kamusi ikatoka imebonyea kama mkate uliokaliwa, inanuka grisi. Kurasa za O zilikuwa zimegandamana, akazitenganisha kwa wembe. Occur. Na ubavuni mwake, rr, wamekaa kitako wawili! Kiwanda kililipuka. Binti wa kufunga vitabu alipanda juu ya meza. Mkaguzi alivaa miwani, akavua, akavaa tena, kisha akachukua kalamu yake ya kijani na kurudisha r zote ishirini na sita kwa mkono wake mwenyewe. Nilimheshimu. Mkurugenzi alichana barua aliyokuwa ameshaianza, akabandika amri ukutani: mashine haiwashwi bila sahihi ya Bibi Pacha. Ipo mpaka leo, na binti yule wa kufunga vitabu, aliyefundishwa na mama, ndiye atakayetia sahihi hiyo baada yake.

Tangu siku ile, kila asubuhi, kikombe cha kwanza cha chai ananimiminia mimi, kabla hata ya mkurugenzi. Wageni anawaambia, "Huyu ndiye aliyeniokoa, ana macho ya mwewe huyu."

Basi shemeji, kabla hujafunika kalamu, nisahihishe na mimi. Kamusi haikutambaa yenyewe. Kabari ya mashine ilivunjika, mguu ukawa unacheza, kamusi ikawa na unene uleule, nami nikaichomeka kwa mikono yangu miwili. Uliponiuliza, nikasema sijaiona. Asubuhi ile niliogopa kupoteza kazi yangu, nikakuacha uzunguke na magunia ya taka, mpaka nilipoona koti. Nilipanga kukuambia kesho yake. Chai ikawa tamu, nikanyamaza miaka kumi na tisa.

Wafanyakazi wote wanakushukuru, na mimi nakushukuru mara mbili, moja ya deni. Pumzika, shemeji. Soma unachotaka, bila kalamu mkononi. Afya iwe nawe, mumeo na watoto wako wote wanne. Na siku utakayokuja kunigombeza, njoo asubuhi. Chai nitachemsha mimi, na kikombe cha kwanza ni chako.