Badilishaneni Meka

Mheshimiwa Commissaire wa Zone. Docteur, mganga wetu mkuu. Mama Soeur Fidélie, unayeongoza maternité hii. Ndugu wajumbe wa kampuni. Ndugu zetu wa chama cha Taa na ndugu zetu wa chama cha Daraja, ambao leo mmekaa benchi moja, nami nimewaona. Tata na mama wote wa camp, kambi ya wafanyakazi wa kampuni, tata na mama wote wa cité, sisi wa nje ya kampuni. Ndugu wageni waalikwa. Namsalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Zamani salamu zilikuwa rahisi. Sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia tu, tunapiga makofi, tunakaa. Tangu mwaka jana vyama vimekuwa vingi, majina ya ubatizo yamerudi, na ukimwita mtu citoyen anakutazama kama umemtukania baba yake. Kwa hiyo nikimwita mtu vibaya anisamehe. Mimi ni Zena binti Asani, nauza unga wa mahindi katika soko la cité, na kina mama wenzangu wamenichagua niwasemee. Wameniomba pia niseme Kiswahili cha adabu, kile cha mbele ya wageni. Nitajaribu, na kikinitoroka mtakisikia wenyewe.

Wageni wetu waliotoka Dilolo na Kisenge labda wanajiuliza: ngoma zote hizi, viti vyote hivi, na utepe mwekundu, ni kwa ajili ya mlango tu? Ndiyo, ni kwa ajili ya mlango. Tangu nyumba hii ya kuzalia, maternité, ijengwe ilikuwa na mlango mmoja, upande wa camp, na penye mlango pana bariyeri, na penye bariyeri pana mlinzi anayeuliza matricule, yaani namba ya mfanyakazi wa kampuni. Kama mume wako ana matricule, unapita. Kama hana, unarudi. Sisi wake wa madereva na wafanyabiashara, sisi wajane, tulikuwa tukiwasikia watoto wachanga wa camp wakilia, tukiwa jikoni kwetu, lakini wa kwetu tulikwenda kuwazalia mbali.

Binti yangu Mwamini ameolewa na Feruzi, dereva wa lori wa njia ya Dilolo. Mwaka jana uchungu ulimshika Mwamini, Feruzi akiwa safarini, nikamleta hapa mimi mwenyewe, nimemshika kiuno. Mlinzi alikuwa Tata Kabeya, yule pale nyuma mwenye kofia mkononi. Aliniambia: “Mama, mi naona muko na mateso. Lakini bila matricule siwezi kufungula. Batanifukuza kazi.” Nilimtukana sana. Leo nasema mbele ya wote kwamba ile sheria hakuitunga yeye. Tulimpandisha Mwamini kwenye baiskeli ya jirani, mtoto akazaliwa njiani, na hakulia. Alikuwa msichana. Sitaongeza neno hapo, kwa sababu leo ni siku ya furaha, na machozi yangu nimeshayalia.

Ndipo Docteur akaja na mpango wake. Alisema zone ya afya ni ya watu wote, na akataka maternité ifunguliwe mlango wa pili, upande wa cité, bila kumpokonya mfanyakazi haki yake. Kamati ya afya ingeamua. Wakati huo Mwamini alikuwa amekwisha kupata mimba nyingine. Mchana naangalia tumbo la binti yangu, jioni nauliza habari za kamati, na tumbo ndilo lililokuwa na haraka. Nilitaka kitu kimoja tu: mlango ufunguke kabla ya siku yake.

Lakini nani aliyetuambia habari za mpango huo? Magazeti! Mnayajua, yale ya kupigwa kwa stencil, ambayo ukiyashika mkono unabaki mweusi. Gazeti la Taa, linalopendwa na wafanyakazi, karatasi yake ya rozi, rangi ya waridi. Gazeti la Daraja, linalopendwa na cité, karatasi yake ya buluu. Rozi iliandika: wageni wanakuja kunyang'anya vitanda, mke wa mfanyakazi atazalia sakafuni. Buluu iliandika: wake wa wafanyakazi wanakwenda maternité kupumzika na kula mchele, wenzao wanakufa njiani. Nawauliza, ndugu zangu wa benchi ile, na msiinamishe vichwa: ni nani kati yenu aliyeandika kwamba Docteur hakutaka kuondoa kitanda hata kimoja cha mfanyakazi? Ni nani aliyeandika kwamba dawa zilikuwa zinakwisha hata kwa wafanyakazi wenyewe? Kila mmoja alichukua kipande kilichomfaa, akakipaka rangi, akatuuzia.

Jirani na meza yangu sokoni, Tata Stanislas anauza magazeti, na hapo ndipo wanaposimama wale tunaowaita wabunge wa kusimama. Anayejua Kifaransa anasoma kwa sauti, anatutafsiria, na kila anayetafsiri anaongeza chumvi yake. Msomaji wa rozi alikuwa Tata Mukendi, mfanyakazi wa kampuni. Miaka ile ya chama kimoja yeye ndiye aliyetuongoza katika animation, nyimbo na slogani, na Mungu alimpa sauti ambayo ikipanda, hata mgonjwa anasimama. Msomaji wa buluu alikuwa Mwalimu Kisimba, mwembamba, miwani puani, ulimi kama pilipili. Walisomeana hivyo wiki baada ya wiki. Wateja wangu wa camp wakaacha kununua unga kwangu. Ikafika mahali mama wa camp hakanyagi kilio cha mama wa cité, wala mama wa cité haendi kulia na mama wa camp. Hilo liliniuma kuliko unga. Tangu lini Kolwezi tunachaguana hata kwenye kilio?

Siku moja wakasukumana, na gunia langu likamwagika. Hapo, ndugu wageni, Kiswahili cha adabu kilinitoroka.

Lazima niwaeleze kitu cha soko. Unga tunaupima kwa meka, kile kikopo cha bati. Kuna wauzaji, mimi simo, wanaogonga kitako cha meka kiingie ndani, ili kikopo kionekane kimejaa na unga ni mdogo. Wauzaji wawili wakishitakiana, soko halina hakimu. Linawaambia: badilishaneni meka. Leo wewe utapima unga wako kwa meka yake, na yeye kwa meka yako, wateja wanatazama. Kitako kilichogongwa hakijifichi mkononi mwa mwingine.

Basi nikapanda juu ya meza nikapiga kelele: “Mubadilishane meka! Tata Mukendi, soma ile ya buluu. Mwalimu, soma ile ya rozi. Na mwenye gazeti ndiye atasema kama unasoma muzuri. Ukitia chumvi, unaanza tena!”

Mnadhani walikubali? Walicheka. Nikawaangalia mama wenzangu, nao wakafunika unga, meza hadi meza. Hakuna kusoma, hakuna unga. Hata mbunge wa kusimama, jioni anataka bukari yake, ugali wa unga huu huu.

Mwalimu akaanza. Alisoma maneno ya rozi puani, kwa dharau, na Mukendi akamkatiza: “Apana, Mwalimu. Unasoma sawa unacheka. Rudilia.” Akarudia. Ilikuwa habari ya mfanyakazi aliyeacha kifua chake ndani ya vumbi la kampuni, na kitanda cha mke wake ndicho kitu pekee alichoona kwamba amepewa kwa kifua hicho, na sasa anaogopa. Mwalimu alipofika mwisho alivua miwani. Akasema: “Ile iko kweli. Sisi hatukuiandika hata siku moja.” Mukendi akatikisa kichwa: “Ndiyo. Hiyo ndiyo yangu.”

Ikawa zamu ya Mukendi. Buluu ilieleza habari ya mwanamke aliyerudishwa kwenye bariyeri. Jina halikuandikwa, lakini hakuna aliyekuwa hajui, na Mwamini mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gunia, karibu nami, tumbo mbele. Mukendi alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma risala ya jirani asiyempenda. Mwalimu naye akamlipiza: “Apana, tata. Sauti yako iko fasi gani? Ile ya animation!”

Kumchokoza Mukendi kuhusu sauti yake! Alijaza kifua, akasoma upya. Alipofika sentensi ya mwisho alikuwa juu kabisa: “Mama yoyote wa Kolwezi, wa camp ao wa cité, azalie hapa!” Na mwili wake, ndugu zangu, mwili ule ulioongoza slogani miaka yote ile, ulifanya ulichozoea. Ngumi ikapanda yenyewe: “Oyé!”

Na sisi? Tuliitikia! Rozi na buluu, camp na cité, hata Tata Stanislas nyuma ya magazeti yake: “Oyé!” Miaka ishirini tulifundishwa kuitikia, nani angefunga mdomo?

Mukendi akaitazama ngumi yake kama si ya kwake. Kisha vicheko vikalipuka, na watu wa chama chake wakamvuta shati: “Mukendi, sema ulikosea!” Angeweza kusema hivyo, na tungemwelewa. Akageuka, akamtazama Mwamini juu ya gunia, akasema: “Nilisema na sauti yangu yote, mbele ya batu bote. Mi siirudishe.”

Simama, Tata Mukendi, watu wakuone! Na wewe Mwalimu, simama, usijifiche nyuma yake. Mpigieni makofi kila mmoja, na mtu wa Taa aanze kumpigia wa Daraja.

Habari ikawafikia wenye magazeti, na wiki iliyofuata rozi ilichapa ukurasa wa kwanza maneno ya buluu, na buluu maneno ya rozi. Mukendi na Mwalimu walikwenda kwenye kamati pamoja, na ombi moja. Vitanda vya wake wa wafanyakazi vibaki vyao, viongezwe vingine. Madereva wetu walete dawa kutoka Lubumbashi ndani ya lori zao. Sisi mama wa soko tulete unga jikoni, ili mzazi yeyote, wa upande wowote, ale. Na mlango tuujenge kwa salongo, mikono yetu wenyewe. Kamati ikakubali! Nimewaona kwa macho yangu wafanyakazi wakifyatua matofali na cité wakiyajenga. Nilimwona Mwalimu akibeba matofali, miwani imejaa vumbi, na Mukendi akimwimbia ili asichoke. Tumeshinda, ndugu zangu! Na hakuna aliyeshindwa, ndiyo maana furaha yake ni kubwa hivi.

Kwa wenye magazeti nina neno moja. Endeleeni kugombana. Tulikaa miaka mingi na mdomo mmoja nchi nzima, hatutaki kurudi huko. Lakini mkigombana juu ya vitanda vyetu na watoto wetu, tutafunika unga tena, mpaka mbadilishane meka.

Docteur, tunakushukuru kwa subira yako. Mama Soeur Fidélie, tunakushukuru, wewe na wakunga wako wote. Ndugu wa kampuni, asanteni kwa bati na saruji.

Mheshimiwa Commissaire, nimebaki na jambo moja, na naomba usikasirike. Utepe huu unaokwenda kuukata sasa, ulikwisha kufunguliwa. Leo asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti, Mwamini alifika akitembea kwa shida, na mlangoni kulikuwa na utepe umefungwa vizuri kwa ajili yako. Tata Kabeya ndiye aliyekuwa zamu. Hakuuliza matricule. Aliuliza: “Mama, unaweza kutembea?” Akaufungua utepe kwa mikono yake, akamshika mkono, akampitisha. Kisha akaufunga tena.

Ni msichana. Na huyu amelia, jamani! Wapiga ngoma walinyamaza wamsikilize.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, mkasi huu hapa. Utaona fundo katikati ya utepe. Nakuomba ukate pembeni yake, kwa sababu fundo hilo nampelekea mjukuu wangu.