Wachanganyaji Tuliochanganyikiwa: Risala ya Wafanyakazi wa Mtambo wa Lami

Mgeni rasmi, meneja wetu, wakuu wa idara, na ninyi madereva mliozima malori ili tusikike,

Sisi wafanyakazi wa mtambo wa kuchanganya lami tunakusalimu kwa heshima zote. Risala hii iliandikwa na kamati ya watu watano, ikafutwafutwa na watu wanane, na inasomwa na mimi karani wa mizani kwa sababu wenzangu wanadai nina sauti ya kusimamisha lori. Pale ambapo maneno hayatakuelea, mgeni rasmi, usidhani umesikia vibaya. Hata sisi tulioandika hatukuelewa.

KARIBU

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumefagia uwanja huu mara mbili. Mara ya kwanza tulifagia kwa furaha, tukijua unakuja kuzindua mtambo ulioboreshwa. Mara ya pili tulifagia kimyakimya, baada ya kuletewa ratiba ambayo kipengele chake cha tisa kinasema: "Mgeni rasmi kuwaaga wafanyakazi."

Wapo waliosema maana yake ni nyepesi: ukimaliza, utatupungia mkono, utapanda gari, utakwenda zako. Wapo waliosema wapi, wanaokwenda ni sisi, na wewe umeletwa kutusindikiza. Tulimwuliza aliyechapa ratiba, akasema yeye alipewa achape tu. Basi ndivyo unavyotukuta leo, mguu ndani mguu nje, hatujui tupige makofi kwa nguvu kiasi gani.

HISTORIA FUPI

Mtambo wetu wa zamani ulikuwa na pipa la kukaushia kokoto, kichomeo cha mafuta mazito, na bomba la moshi lililojulikana mpaka mtaa wa pili. Kina mama wa huko walipouona moshi walianua nguo kambani hata kama zilikuwa zinatiririka maji. Mtambo ule ulijua pishi moja tu. Uwe unataka lami ya barabara kuu au ya kuziba shimo mlangoni kwa zahanati, ulipewa ileile.

Msimamizi wa uchanganyaji, wakati ule na mpaka asubuhi ya leo, ni mzee wetu tunayemwita Pua. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua, ingawa hata huo ungetosha. Alipewa kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alisimama chini ya bomba lile, akatazama rangi ya moshi, akavuta harufu, kisha akasema neno moja kati ya mawili: "Bado," au, "Mwaga." Wengi wetu hapa ni yeye aliyetushika mkono tulipokuja hatujui kokoto wala mchanga. Mkewe, shemeji yetu sote, yupo mstari wa mbele amevaa gauni lake la kwendea harusi. Anasema amelivaa kwa kubahatisha, maana hajui amealikwa kwenye sherehe gani.

MABORESHO NA MAFANIKIO

Mwanzoni mwa mwaka lilibandikwa tangazo ubaoni: "Mtambo utaboreshwa ili uzalishaji uwe nyumbufu na endelevu." Neno endelevu tunalijua, halikosi kwenye hotuba. Nyumbufu lilitushinda. Fundi wa mkanda wa kokoto alilisoma nusu, akarudi karakana amefura: "Jamani, wanatuita nyumbu!" Siku mbili nzima watu walifanya kazi wamenuna, na meneja hakujua kwa nini hatumwitikii salamu. Tunachukua nafasi hii kumwomba radhi.

Aliyetutoa gizani ni fundi mwanamke aliyekuja kufunga mashine mpya. Alicheka mpaka akakaa chini. Akatuambia nyumbufu ni kitu kinachopindika bila kukatika, na kwamba mtambo sasa utaweza kubadilisha pishi katikati ya siku, kuchoma gesi kwa joto la chini kidogo, na kupokea lami kuukuu iliyokwanguliwa barabarani ili ichanganywe tena na mpya. Tulipumua. Kumbe wa kupindika ni mtambo.

Hata hivyo si wote tuliopata habari. Lori la kwanza la lami kuukuu lilipofika, mlinzi wetu wa geti alilirudisha mara tatu. "Hapa tunatoa lami, hatupokei makombo," alisema. Dereva akamwonyesha karatasi yenye muhuri. Mlinzi akaisoma vizuri, akasema muhuri ni wa kweli ila aliyeupiga amechanganyikiwa. Usimlaumu, mgeni rasmi. Miaka yote aliambiwa takataka zisiingie. Leo robo ya kila mzigo ni lami iliyokwisha kukanyagwa miaka na miaka, na barabara inayotandikwa nayo iko imara.

Mafanikio mengine ni haya. Asubuhi tunatoa lami ya barabara kuu, mchana ya njia za waenda kwa miguu, na jioni mzigo mdogo wa kuziba mashimo, bila kulaza mtambo. Vumbi linanaswa na mifuko ya kuchujia. Moshi hauonekani kabisa, kiasi kwamba mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja getini kutupa pole akidhani tumefungwa.

CHANGAMOTO

Tusimdanganye mgeni. Siku ya kwanza ya majaribio, Pua alikosea. Alitazama juu asione moshi, akavuta pumzi asisikie harufu, akajua kichomeo kimezimika. Akabonyeza kitufe chekundu. Mtambo mzima ukasimama, malori manne foleni, na mzigo ukaharibikia ndani ya pipa. Moto ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

Fundi alimpeleka mbele ya skrini, akamwonyesha namba. Pua akaitazama skrini, akalitazama bomba, akauliza polepole: "Sasa mwanangu, kama hautoi moshi, nitajuaje kama unaumwa?" Sisi ambao hutaniana hata msibani, siku ile hakuna aliyecheka. Tuliumia.

Kesho yake alikuja na daftari la shule aliloomba kwa mjukuu wake. Kwa wiki sita alikaa mbele ya skrini, akiandika kila namba na maana yake, akiuliza maswali mpaka fundi akaanza kujificha stoo. Sasa anabadilisha mapishi matatu kwa siku peke yake. Mzigo utakaomwagika leo ukishabonyeza kitufe, mgeni rasmi, umepangwa na yeye.

Halafu likaja tangazo la pili: "Nafasi ya msimamizi wa uchanganyaji itakuwa nyumbufu." Basi. Hakuna mstari wa pili. Tulikwenda kwa meneja, akatujibu: "Nyumbufu ni nyumbufu." Tulikwenda ofisi ya utumishi, wakatuambia tusome tangazo. Tulilisoma. Tulilibandua tukasoma na mgongo wake, tukakuta gundi. Wengine wanasema Pua atafanya kazi zamu yoyote atakayopangiwa. Wengine wanasema nafasi yenyewe itapindwa mpaka itokee mlangoni. Sisi ambao kazi yetu ni kuchanganya, safari hii tumechanganyikiwa wenyewe.

Mwenyewe akiulizwa husema hivi: "Mimi nimeshapinda. Waniambie tu kama napinda kuelekea kazini au kuelekea nyumbani." Akishasema hivyo hurudi kwenye daftari lake. Shemeji yetu naye anatuambia siku hizi usingizini anataja namba za joto.

MAOMBI

Kamati ilikuwa na maombi kumi na moja, yakiwemo mabuti mapya na kivuli cha madereva. Asubuhi hii tumeyafuta yote tukabaki na mawili. La kwanza ni choo cha pili, ambalo wachomeleaji waligoma kulifuta, na tunaliheshimu. La pili ni hili.

Chini ya meza hii kuna saa ya ukutani, imefungwa kwa karatasi ya maua. Tuliileta baada ya kukisoma kile kipengele cha tisa, kwa sababu hapa kwetu mtu akiagwa hupewa saa, ingawa hatujawahi kuelewa anayekwenda kupumzika anataka saa ya nini. Kadi yake haina jina. Kalamu ilizunguka kamati nzima, kila mmoja akamsogezea mwenzake. Tukakumbuka pia kwamba chumba cha uendeshaji hakina saa, na wanaobadilisha mapishi mara tatu kwa siku wanaihitaji kweli.

Pua hayupo hapa uwanjani. Yuko kule juu dirishani, mwenye kofia nyeupe, anasubiri ishara yako. Amekataa kushuka. Anasema kokoto zimelowa mvua ya jana, na skrini inataka mtu wa kuitazama. Kwa hiyo hasikii tunayoyasoma, na hilo limeturahisishia kidogo.

Tunaomba, kabla hujabonyeza kitufe, utufafanulie kipengele cha tisa kwa maneno ya kawaida, yale ambayo mtu humwambia ndugu yake. Anabaki au anakwenda? Kuuliza si ujinga, na jibu lolote tutalipokea kwa adabu, ila moja tutalipokea kwa vigelegele. Saa ipo, msumari tunao, nyundo iko mfukoni mwa fundi wa mkanda. Tuambie tu tukaugonge kwenye ukuta upi.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na akujalie njia isiyo na shimo. Ukikuta yenye shimo, tutumie salamu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Mtambo wa Kuchanganya Lami,
pamoja na msimamizi wetu wa uchanganyaji, mpaka tutakapoambiwa vinginevyo.